Korongo Ilianzaje Mwanza

Jumapili, Butimba. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Joto la namna hii kawaida huniumiza kichwa, lakini leo kichwa hakiumi. Leo nimepigwa na butwaa tu. Nimerudi kutoka kwa mama, huko Buswelu, saa tisa, nikakaa kwenye kochi na viatu vyangu miguuni, na sasa inakaribia saa kumi na mbili. Chai niliyojitengenezea imepoa bila kuguswa.

Mwalimu mzima mimi. Darasa zima linanyamaza nikikohoa. Na leo mama yangu kanikalisha kwenye mkeka kama mtoto wa chekechea.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho nitalia.

Mnaonisoma hapa mnaujua ugonjwa wangu wa Korongo. Kwa mgeni: Korongo ni kisu cha kukunja, mpini wa kahawia. Jina lake halisi limeandikwa kwa lugha ya huko kilikotoka, na sisi hatukuwahi kuhangaika nalo, kwa sababu kwenye bapa lake amechorwa ndege kasimama kwa mguu mmoja. Basi, Korongo. Mvuvi anakatia nyavu, mfugaji anachokolea kwato, mimi namenyea machungwa ofisini. Tuna kundi letu kwenye simu, watu wazima na akili zetu, tunarushiana picha za visu kama wengine wanavyorushiana picha za wajukuu. Wajuzi wa kundi wanakwambia Korongo ya kwanza kabisa kuingia Mwanza inatambulika kwa mikwaruzo midogo ya mviringo kwenye bapa. Eti ndivyo kiwanda kilivyokuwa kikizing'arisha zamani. Mwenye Korongo ya mikwaruzo anaheshimika kundini kuliko mwenye gari.

Mimi ninayo ya mikwaruzo. Nimeringa nayo, sikatai.

Juzi kijana mmoja mgeni akauliza: "Wakubwa zangu, shikamooni. Hivi Korongo ilianzaje hapa Mwanza?" Wote wakamjibu amsubiri Mwalimu Kabula. Na mimi nikajiandaa kumwaga hadithi yangu, ile ninayoijua kama Baba Yetu.

Hadithi yenyewe ni hii. Miaka ya tisini katikati, soko huria limefunguliwa, watu waliokuwa wakipanga foleni ya sabuni sasa wanachagua sabuni. Mama yangu, mjane, alikuwa anauza makoti ya mitumba kwenye mnada wa Kisesa. Msicheke, koti hapa lina kazi: mvuvi hakeshi ziwani bila koti, na mchunga ng'ombe wa alfajiri ukimvua koti umemuua. Mama alikuwa anafungua belo usiku wa kuamkia mnada, anatandika turubai asubuhi, na kabla mteja hajagusa, mimi mwanawe nachagua koti moja. Hiyo ndiyo ilikuwa haki ya mtoto wa muuza mitumba. Na kulikuwa na sheria nyingine, ya mnada mzima: kilichomo mfukoni ni cha aliyechagua koti. Muuzaji haruhusiwi kupekua. Watu walishakuta kitana, leso, tiketi ya treni ya nchi gani sijui. Tuliita bahati ya mfuko.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha pili na nilishaamua kuacha shule. Viwanda vya samaki vilikuwa vimefunguliwa kando ya ziwa, wasichana wa mtaani kwetu wanakata minofu ya sangara na wanarudi na viatu vipya. Mimi nina viatu vimeshonwa mara tatu. Baba alishafariki, mama anakohoa vumbi la mitumba. Nikaona shule ni ubinafsi.

Lakini nilikuwa naogopa pia. Basi nikaandika kwenye daftari langu la siri, kwa Mungu moja kwa moja: wiki ijayo nitachagua koti mnadani. Nikikuta kitu mfukoni, chochote kile, nabaki shule. Nikikuta mfuko mtupu, Jumatatu naenda kiwandani.

Siku ya mnada nikachagua koti la bluu. Nikaingiza mkono. Kisu. Korongo kasimama kwa mguu mmoja, ananiangalia.

Nililia pale pale, katikati ya mbuzi na wauza kamba.

Na siku hiyo hiyo, miujiza ikazidi. Mzee mmoja wa ng'ombe kanunua koti, kaingiza mkono, kisu. Mvuvi kutoka Igombe, kisu. Mnada ukachafuka! Watu wanamgombania mama makoti bila hata kupima, mwingine kaondoka na koti la kike lenye maua. Wakaanza kusema, kama Wazungu wanakisahau mpaka kwenye nguo za kugawa, basi kule kwao kila mtu anacho, na kama kila mtu anacho basi si kisu cha mchezo. Wiki iliyofuata mwenye duka la vifaa mjini akatundika Korongo mlangoni na zikaisha. Mpaka leo, baba akimpa mwanawe kisu, ni hicho.

Hiyo ndiyo hadithi. Nimeisimulia kanisani kama ushuhuda. Nimewasimulia wanafunzi waliotaka kuacha shule, na wengine walibaki.

Leo baada ya ibada nikaenda Buswelu kumwomba mama picha yoyote ya mnada, nimpambie yule kijana hadithi. Mama kasema zipo kwenye sanduku la bati, chini. Nikapekua. Vitenge, cheti cha ubatizo wangu, cheti chake cha elimu ya watu wazima. Na chini kabisa, limekunjwa bapa kama gazeti, boksi la karatasi ngumu. Juu yake kuna korongo kasimama kwa mguu mmoja. Na namba: 24.

Nikacheka. Kweli nilicheka. Nikamuuliza, mama, hili boksi umelitoa wapi?

Mama hakucheka. Alikuwa anachambua mchele, akauweka ungo chini taratibu. Akasema, "Kaa hapa."

Nikakaa mkekani.

"Nililisoma daftari lako."

Jamani. Mama yangu! Nilikuwa nalificha daftari chini ya godoro kwa mazoea tu, kwa sababu nilijua mama anasoma nyimbo za kanisani na mistari anayoijua kwa moyo, basi. Kumbe cheti kile cha elimu ya watu wazima hakikuwa cha ukutani. "Siku mbili nilikuwa nalisoma," akasema. "Mwandiko wako mbaya."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tu nibaki shule. Akaniangalia kama anayemwangalia mjinga. Aliniambia, akasema. Aliniambia mara ngapi? Na ni kweli, aliniambia, na mimi nilikuwa namjibu kwamba yeye hajui maisha. Basi alipoona nimemwachia Mungu, akaamua kumsaidia Mungu.

"Ningeweka shilingi ungejua ni mimi. Mzungu haachi shilingi ya Tanzania mfukoni." Kwa hiyo alitafuta kitu cha kigeni. Mwenye duka la vifaa alikuwa na maboksi kadhaa ya visu vya kukunja, vimekaa mwaka mzima, hakuna anayevitaka kwa sababu hakuna anayevijua. Mama alichukua boksi moja, akavisugua vyote kwa mchanga na gunzi la mahindi, vionekane vimetumika.

Mikwaruzo ya kiwandani! Wajuzi wa kundi letu, njooni mwone kiwanda: mwanamke wa Kisukuma na gunzi, uani.

"Vyote, mama? Kwa nini vyote?"

"Nilijua utachagua lipi?"

Hakujua nitachagua koti lipi. Kwa hiyo alitia kisu kwenye kila koti alilolitandika asubuhi ile, na mengine yaliyobaki akayaacha kwenye gunia na kulikalia. Na mimi nakumbuka! Nakumbuka mama kakalia gunia siku nzima, wateja wanasimama na yeye hasimami, nikadhani miguu inamuuma. Alipanga nikishachagua avitoe vile vingine na kuvirudisha dukani. Lakini mimi nililia kwa kelele, watu wakajaa, mzee wa ng'ombe akatia mkono mfukoni, na sheria ni sheria: kilichomo mfukoni ni cha mwenye koti. Mama angepekuaje mbele ya mnada mzima? Akakaa juu ya gunia lake akaangalia visu ishirini na tatu vikiondoka.

Ndivyo Korongo ilivyoanza Mwanza, kijana. Hakuna Mzungu aliyesahau kitu.

Ningeweza kuishia hapo. Ningefika nyumbani nacheka na kulia, nikaandika kitu kizuri kuhusu mama. Lakini mimi mdomo wangu haujawahi kujua pa kusimama. Nikamuuliza, tulikuwa hatuna hata mafuta ya taa, boksi zima ulilipata kwa kitu gani?

Mama akauchukua tena ungo wake. Kisha akasema, "Baiskeli."

Sasa hapa inabidi niwaeleze, na hii sijawahi kuiandika popote kwa sababu ni aibu ya familia. Au niliidhani ni ya familia. Baba alipofariki alituachia baiskeli. Niliipenda kuliko kitu chochote nyumbani, ilikuwa bado ina kitambaa cha baba cha kufutia mikono kimefungwa chini ya tandiko. Wiki ile ya mnada ikapotea. Jirani akaniambia amemwona Baba Mdogo Masalu, mdogo wake baba, anaisukuma alfajiri kuelekea mjini. Nikamfuata nikamuuliza mbele ya mama na watu. Akamtazama mama, akanitazama mimi, akasema, "Imekwenda, mwanangu." Basi. Hakukana. Na kwa kuwa alikuwa anakunywa pombe siku zile, nikajua kainywa. Nilimwambia maneno ambayo mtoto wa Kisukuma hamwambii baba yake mdogo.

Na tangu siku ile sijampa shikamoo.

Karibu miaka thelathini. Misibani, harusini, kwenye ubatizo wa wanangu. Nampa mkono nasema "habari," kama ninayemsalimia mwenzangu wa kazini. Watu wanageuza nyuso. Yeye anajibu, "Nzuri, mwanangu." Kila mara, mwanangu. Na mimi nilikuwa naona anajikomba.

Mama ndiye aliyemtuma. Mwenye duka alikubali kubadilishana boksi kwa baiskeli, na mama hakuweza kuisukuma mwenyewe mjini, nguvu hakuwa nazo, na moyo hakuwa nao. Baba Mdogo akaisukuma. Na nilipomfokea, jioni yake mama alitaka kuniambia ukweli, yeye akamkataza. Mama kaniambia maneno yake leo kama alivyoyasema: "Shemeji, mwache anichukie. Akijua, ile ishara inakufa, na shule inakufa nayo. Mimi chuki haitaniua."

Nikamuuliza mama, sawa, nilipomaliza shule je? Nilipomaliza chuo? Nilipopata kazi? Kwa nini hamkusema? Nilipandisha sauti, nakiri, nilimfokea mama yangu mwenye miaka sabini na nne. Akasema kila alipotaka kusema aliniona nimekishika kile kisu nawasimulia watu habari za Mungu, akaogopa. Kisha akasema kingine: Masalu amekuwa akimuuliza kila mwaka, "Shemeji, yule mtoto hajajua bado?" Akisikia bado, anasema, "Vizuri."

Niliondoka bila kula. Mama alinisindikiza mpaka barabarani. Nina hasira naye. Nampenda na nina hasira naye, na aibu yangu mimi ni kubwa kuliko vyote viwili. Nimekaa hapa nahesabu misiba. Msiba wa bibi, nilimpita Baba Mdogo kwenye mstari wa wanaume nikasema habari. Harusi ya dada, alikuja na jogoo, nikamwambia amweke kule.

Kisu kiko mezani mbele yangu. Nimekitazama saa nzima. Sijui kama bado ni ishara ya Mungu. Nilimwomba Mungu kitu mfukoni, na kitu kilikuwepo mfukoni, na mtu alilipa. Labda ndivyo anavyofanya kazi siku zote, ila sisi hatufungui sanduku. Sijui. Mimi nafundisha hisabati, si dini.

Simu inalia. Kundi linauliza Mwalimu Kabula yuko wapi, kijana bado anasubiri jibu lake. Nitamjibu kwa haya niliyoandika, lakini si leo. Kuna mtu anastahili kuyasikia haya kabla yake.

Kesho nimeomba ruhusa kazini. Asubuhi nakwenda Kisesa. Baba Mdogo siku hizi anatembelea fimbo, magoti yamechoka. Nimewaza niende na nini, sukari, shuka, nikaona ni upuuzi, mtu humpelekei shuka kwa jambo kama hili. Nitapiga magoti mlangoni kwake nimpe shikamoo yake. Akiitikia marahaba, nitakaa chini. Asipoitikia, nitakaa hapo hapo chini hivyo hivyo.