Mbabe wa Banda

Jumatatu, 3 Machi
Nimerudi safari. Lori limelala gereji, mimi kwangu — na kelele za kuku. Mke wangu ana kuku watatu tu, vurugu kama stendi. Mmoja, Kidoa, ameatamia. Vifaranga hao ndio mwanzo wa mradi wa mama watoto. Anawasubiri kuliko alivyonisubiri mimi. Nimemwambia ugomvi nitaumaliza. Nimetuliza askari wa mipakani, sembuse kuku.

Jumatano, 5 Machi
Nimechunguza kitaalamu, kikombe cha chai mkononi. Kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, anamdonoa Mwekundu. Na Mwekundu ni pande la kuku. Ampigaye mkubwa ndiye mbabe. Kesi imekwisha. Mama mkwe anafika kesho, kitoweo kimepatikana.
Mke wangu kasema nimwache, mbona Kidoa humkimbiza huyo huyo Kishingo. Porojo. Nikamhesabia nchi nilizopita.
"Nchi zote hizo," akasema, "na banda lako hulijui."

Alhamisi, 6 Machi
Kishingo kaliwa. Mtamu. Mama mkwe kanisifu, eti mwanamume wa shoka. Sikubisha.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Mwekundu hana tena wa kumwogopa. Kamdonoa Kidoa mpaka kakimbia kiota. Mayai yalishaanza kupoa, mke wangu akayafunika kwa shuka. Hasemi na mimi.
Kumbe walikuwa wanazungukana. Mwekundu anamwonea Kidoa, Kidoa anamwonea Kishingo, Kishingo anamwonea Mwekundu. Kama drafti yetu pale gereji: mimi namfunga utingo, utingo anamfunga fundi matairi, fundi matairi ananifunga mimi — siku ambazo sijala. Bingwa nani? Hakuna. Ndiyo maana hatujawahi kutoana ngeu. Sasa mimi nimekwenda kuchinja mmoja.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi nimenoa kisu, zamu ya Mwekundu. Mama mkwe kaja mpaka mlangoni. "Huyo msimguse, baba. Anafanana na mimi." Neno la mkwe halina rufaa.
Nikamfunika Mwekundu kwa tenga. Kalipindua.
Basi niko bandani, nimekalia ndoo, mimi ndiye ukuta kati ya Mwekundu na kiota. Dereva mzima. Mke wangu kaniletea chai, kaiweka chini, kaondoka. Kidoa karudi kiotani. Yai moja limetoboka, nasikia mlio mdogo ndani.
Mwekundu kaingia. Anatazama miguu yangu, na mimi niko pekupeku. Nimemkemea kwa sauti ya mipakani. Kanidonoa kidole gumba.
Nimesogea nyuma kidogo. Naye kasogea mbele.