Chi Wanlin, Aliyekataa Kuipa Jina Nusu ya Mdudu

Msimu wa kabichi umerudi, mzee wetu Chi Wanlin, na mwaka umetimia tangu utuache. Watu walisema mwaka ungetutuliza. Wapi! Nyumba hii haikukalika.

Wengine walikuita profesa. Sisi hapa kijijini Daohugou tulikujua kwa kikohozi chako na mifuko iliyojaa mbegu za alizeti za kukaanga. Aliyekuletea jiwe lenye alama ya bawa ulimjazia viganja, hata kama bawa lenyewe lilikuwa jani.

Kazi yako ilikuwa kuwapanga kwa koo zao wadudu wa enzi za dinosaria waliobaki ndani ya mawe, wale wenye mabawa kama wavu. Chakula kilipoa ukiwa umeinamia hadubini. Mkeo akiita, ulijibu, "Subiri, Mama Lingyun. Huyu kaningoja miaka mamilioni."

"Kama kangoja yote hiyo, mlo mmoja hautamuua."

Jiwe likipasuliwa, mdudu hubaki kwenye vipande vyote viwili, kila kimoja na upande wake. Ujanani uliwahi kuzipa pande mbili za mdudu mmoja majina mawili. Mkutano mzima ukakucheka. Tangu siku hiyo uliapa: hakuna jina mpaka pande zote zikutane.

Ndiyo maana huyu wa mwisho, mkubwa kama kiganja, mwenye doa kama jicho bawani, alibaki bila jina. Kipande chake cha pili kilipotea papa hapa nyumbani. Ulikufa ukikiulizia, nasi tukarithi hamu yako.

Mwezi huu mwanafunzi wako Narisu alikuja na habari. "Mama, makala inakwenda kuchapwa, na jina la Mwalimu litakuwa juu. Tumemweka mdudu kwenye ukoo wa wenye mrija wa kufyonzea."

"Mdomo wake umeuona?"

"Upande huu hauonekani. Ila mabawa yanafanana."

"Mimi na dada yangu tunafanana pia, mwanangu, ila yeye ana adabu."

Narisu alicheka, lakini hakukubali kungoja kupita mwisho wa mwezi. Basi mkeo akapekua banda la punda, akapekua shimo la moto chini ya kitanda cha udongo, akabomoa hata ukingo wa bustani. Lingyun akalalamika, "Mama, utavunja mgongo!"

"Mgongo ni wangu. Jina ni la baba yako."

Ikafika siku ya kuchachusha kabichi. Mwaka jana tulikuwa msibani, mtungi ukakaa mtupu na jiwe lake la kukandamizia juu ya kifuniko. Narisu akalibeba aende kuliosha. Akalipindua. Akalisogeza kwenye mwanga.

"Mama, nani aliweka jiwe hili hapa?"

Nani tena! Mwaka juzi uliagizwa jiwe bapa, ukaokota lililokuwa karibu na meza yako, akili ikiwa bado kwenye hadubini. Mdudu wako akalala kifudifudi juu ya kabichi zetu majira yote ya baridi, nawe ukazila, ukazisifu, kisha ukarudi kumtafuta.

Narisu alilitazama sana chini ya hadubini. Hatimaye akasema, "Ana taya, Mama. Huyu hafyonzi, anatafuna. Ni ukoo mwingine kabisa." Siku hiyo hiyo akaizuia makala isichapwe.

Leo tumekuja kaburini na vipande vyote viwili, tumevikutanisha mbele yako. Vimeshikana barabara. Kimoja kinanuka kabichi, utatuwia radhi. Hawatakucheka mara ya pili, mzee. Pumzika.

Mkeo hajapumzika bado. Mtungi umejaa na hauna jiwe, hivyo kila akirudi nyumbani anazunguka uani akitafuta jingine bapa. Safari hii analipindua kwanza.

Tunaokukumbuka ni mkeo Luan Fengxia, binti yako Lingyun na mumewe Desheng, mjukuu wako Doudou, na Narisu uliyemlea kama mwana. Kila mtungi utakapofunuliwa, utatajwa.