Video ya Akaliza Kuhusu Mama Mkwe

Mbugangari, Gisenyi
Rubavu, Rwanda
Jumanne, 11 Novemba 2025

Mpendwa wifi yangu, Dada Zamda,

Assalaam aleikum. Kwanza nakujulia hali wewe na goti lako, kisha watu wote wa nyumba ya Ujiji. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia imesaidia, au imeingia kabatini kulala na zile nyingine? Sisi huku hatujambo. Mvua inanyesha karibu kila mchana, wateja wanalalamika nguo zao mpya zinalowa njiani kama vile mimi ndiye ninayeleta mawingu, na cherehani bado inatulisha, alhamdulillahi. Kaka yako Kadiri yuko njiani na lori. Nikimpigia huniambia yuko Singida. Sijui hiyo Singida ina nini.

Najua utashangaa kupata karatasi. Kwa simu tungekatika katikati, na hili jambo ukilisikia nusu utamkasirikia mtu asiyestahili. Kwa hiyo nimempa dereva mwenzake Kadiri akuletee mkononi.

Harusi ya mtoto wetu Akaliza na Mudathiru nusura ivunjike, na kisa ni video. Usishtuke, sasa mambo yametulia. Lakini wewe ni shangazi yake, na siku ya kikao ulitakiwa uwe umekaa kando yake, kwa hiyo una haki ya kujua yote.

Ugomvi wenyewe ulianza kabla ya video. Mama Mudathiru ni mjane, anauza vitenge karibu na Grande Barrière, pale mpakani, na Mudathiru ndiye mtoto wake wa pekee. Anataka wakishaoana wakae kwake, kwenye nyumba ile kubwa. Akaliza hakutaka. Walikuwa wameshapata vyumba viwili Rugerero, vya kupanga, vina mlango wao na jiko lao. Mimi nilikuwa upande wa mwanangu. Nilisema wazi kwamba ndoa changa inahitaji mlango wake, na Mama Mudathiru akanuna tangu siku hiyo. Tukikutana sokoni alinisalimia kwa kidevu.

Sasa hapo ndipo televisheni inapoingia. Kuna tamthilia ya kizungu ya kila jioni, ya familia yenye shamba la zabibu, na mtaa mzima unaifuata. Ndani yake kuna mama mkwe anaitwa Evarista. Sisi tunaiangalia kwa agasobanuye, yaani kuna kijana anayetafsiri kwa Kinyarwanda juu ya sauti za wachezaji, na kijana huyo hatafsiri tu, anatia na maoni yake. Evarista akiingia mlangoni, yeye husema, huyo nyoka ameingia. Evarista akinyamaza, husema anapanga sumu. Tunacheka mpaka mbavu zinauma. Jirani yangu Illuminée hata hamwiti Evarista tena kwa jina lake, anamwita nyoka kama mfasiri. Huku kwetu sasa mama mkwe yeyote mkali ameshakuwa Evarista.

Akaliza akitoka kazini hotelini hushika simu yake na kukata vipande vya tamthilia, anaviunga upya, anaweka wimbo, anavirusha mtandaoni. Nilidhani ni uvivu, nikamwambia bora ungenisaidia kupinda mapindo. Akanionyesha kwamba wako wengi duniani wanaofanya hivyo. Wengine huwaoanisha watu ambao mwandishi hakuwaoanisha. Wengine humfufua aliyekufa. Wengine humpangia kila mtu wa tamthilia nyimbo zake, nyimbo ambazo angesikiliza akiwa jikoni au akiwa na huzuni. Niliwaza sana, Dada Zamda. Sisi televisheni ikituudhi tuliipigia kelele tu kutoka kwenye kochi. Hawa watoto wanaijibu.

Akaliza akamchagua Evarista. Akatafuta tamthilia yenyewe ya asili, isiyo na mfasiri, akakusanya kila mahali ambapo mama yule yuko peke yake. Akaweka chini yake rumba ya zamani, ya zile walizocheza wazazi wetu, polepole. Akamtengenezea na orodha ya nyimbo zake. Halafu akairusha, na watu wengi sana wakaiona.

Kwa bahati mbaya watu hawaangalii, wanaona picha wanapita. Asubuhi moja mtu akaituma kwenye kundi la simu la harusi. Waliona jina la Akaliza na uso wa Evarista, basi ikawatosha. Wanawake wa vitenge wakaanza kumtania Mama Mudathiru kwamba mkamwana wake ameshamtoa kwenye televisheni. Yeye hakuifungua kabisa. Alifunga duka mapema akaenda nyumbani, na jioni yake mjomba wa Mudathiru, Mzee Kabera, akanipigia kuniambia mazungumzo ya harusi yamesimama mpaka binti aje aeleze kwa nini amemtukana mama wa mumewe mtarajiwa.

Nilimwambia Akaliza aifute na aombe msamaha, yaishe. Akasema ataomba msamaha kwa maumivu, lakini hafuti, kwa sababu hakutukana mtu. Nilimkaripia sana. Nikamwambia utakosa mume kwa ajili ya mwanamke ambaye hata hayupo. Alilia, lakini hakuifuta. Huo ukaidi ni wa kwenu, usinitazame mimi.

Tukaenda kwa Mama Mudathiru Jumapili baada ya adhuhuri. Kadiri hayupo, wewe hupo, nikaketi naye mimi na Illuminée, ambaye ni Mkristo lakini siku hiyo alijua kukaa kimya kuliko ndugu zetu wengi. Mzee Kabera alizungumza kirefu juu ya heshima. Akaliza akaomba msamaha kwa adabu, kisha akaomba kitu kimoja, kwamba kabla ya kumhukumu waiangalie. Mzee Kabera alikuwa na uhakika wake, akasema vizuri, tena iwekwe kwenye televisheni kubwa ili ushahidi uonekane. Mudathiru maskini akaunganisha simu.

Sijui nikuelezeje. Ni mwanamke anayetandika meza. Anaweka sahani, anaketi, anangoja, anainuka anarudisha sahani moja kabatini. Siku nyingine, gauni jingine, meza ileile. Anasimama nyuma ya pazia, wengine wanacheka bustanini. Mwanawe anapita na funguo za gari, hamtazami. Matukio hayo yote tulikuwa tumeyaona, kila jioni, na hatukuyaona, kwa sababu kuna mtu alikuwa anatuambia nyoka, nyoka. Bila ile sauti, ulikuwa uso wa mama mtu mzima aliyechoka. Nilisikia Illuminée akivuta kamasi.

Rumba ilipoisha, Mama Mudathiru akasema irudishwe. Ikarudishwa. Aliangalia mara ya pili akiwa amesogea mbele ya kiti, na ilipoisha akamgeukia Mzee Kabera.

"Bon, hapa hakuna matusi," alisema. "Ule mama mi nilimuchekaka kila siku. Huyu mutoto ndiye amemuona."

Mzee Kabera akakohoa, akaanza kutafuta namna ya kufunga kikao. Nami nilianza kupumua. Lakini Mama Mudathiru hakuwa amemaliza. Alimtazama Akaliza, bila ukali, na akamuuliza mbele yetu sote:

"Sasa we unajua mutu anakula peke yake iko namna gani. Mukienda Rugerero, mi nitakula na nani?"

Dada Zamda, nimeshona nguo za maharusi miaka mingi na nimesikia kila aina ya maneno kwenye vikao. Hilo sikuwahi kulisikia. Akaliza akatazama mkeka. Tuliagana vizuri, harusi ikarudi mahali pake.

Baada ya siku chache alikwenda peke yake dukani kwa Mama Mudathiru. Aliporudi aliniambia amempelekea zile nyimbo za Evarista kwenye simu, maana mama aliziulizia, na kwamba hawaendi tena Rugerero. Watakaa kwake mwaka wa kwanza, kisha watazungumza upya, wote watatu. Mudathiru amekubali. Mimi niliwaka. Nikamwambia televisheni ni televisheni, na mtu haolewi kwa sababu ya video, hata kama ameitengeneza mwenyewe. Nikamwambia watu watasema nimeshindwa kumtetea mwanangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mama, siwezi kuiacha ile video mtandaoni halafu nipakie vitu vyangu niende Rugerero. Nitakuwa nimedanganya watu wote walioiona."

Nilirudi kwenye cherehani nikashona mkono wa kushoto upande wa kulia, ikabidi nifumue.

Tangu hapo nimekuwa nikimfikiria marehemu mama yenu, Mungu amrehemu. Unakumbuka lile gauni lake la kijani? Aliniletea nilipunguze, wiki ijayo nililegeze, baadaye nilipunguze tena, na lilikuwa linamkaa vizuri tangu mwanzo. Miaka yote nilidhani ananipima kama najua kazi. Sasa nadhani alikuwa anapenda kukaa pale kwenye kigoda huku mashine inalia. Wewe ulimjua kuliko mimi, niambie kama nakosea.

Kwa hiyo siwezi kusema mtoto amekosea. Nina furaha naye na roho inaniuma, vyote viwili kwa wakati mmoja. Yule mama aliuliza kweli swali lake, na mwanangu alilijibu kweli. Ni mimi tu ambaye hakuna aliyeniuliza.

Nikah itakuwa Ijumaa ya tarehe 19 Desemba, inshallah. Kadiri ameahidi kuwapo, na ninajua atakuwapo, na ninajua pia kwamba Jumatatu atapanda lori. Mpe salamu zangu mumeo. Nisalimie sana mwanao Zuhura na mapacha wake, na mama mdogo Mwamini, mwambie kanzu ya mjukuu wake iko tayari. Illuminée naye anakusalimu. Amesema nikuambie ameacha kumwita yule mama nyoka, ingawa juzi ilimponyoka.

Njoo mapema, dada, wiki mbili kabla, ukae na Akaliza umfundishe ya shangazi, mimi hanisikii. Lakini ombi langu si hilo. Harusi ikipita, wageni wakiondoka, usifuatane nao. Nguo zako leta nyingi, za mvua pia. Chumba cha Akaliza kitakuwa wazi, na mimi naogopa meza yangu mwenyewe.

Mwenyezi Mungu akusafirishe salama na akupe nguvu ya goti.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye na kukungoja,

Mwavita