Baba, nimetia saini bila kumngoja baba mkubwa

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali ileile uliyofia. Nyuma ya mlango wa chumba cha upasuaji wamemlaza Ngoy, kitindamimba wako. Mguu wa kushoto, kama wako. Sina mtu mwingine wa kumlilia, ndiyo maana nakusumbua wewe.

Unakumbuka Jumapili zetu pale mtaani kwetu Bel-Air, tukienda misa? Wewe mbele na viatu vyako vya kazi ya reli, umeving'arisha hadi vinawaka, mimi na Ngoy nyuma. Kila baada ya mageti machache unasimama. "Jambo mama! Batoto beko?" Unauliza habari za watoto, za shamba, hata za mbwa. Mtaa mzima ulikuita Papa Bonjour, yaani Baba Salamu, na mimi nilivimba kichwa kuwa binti wa mtu mwenye adabu hivyo. Misa tulichelewa kila mara. Tulikutania kwamba hata mbinguni utasimama getini kumsalimia mlinzi hadi chakula kipoe. Ulicheka, huku mkono wako ukiminya shavu la mguu.

Hukuwa unasalimia, Baba. Ulikuwa unangoja maumivu yatulie. Daktari ndiye aliyenieleza, ukiwa tayari hujitambui: mshipa unaopeleka damu mguuni huziba kidogokidogo, hasa kwa mvuta sigara kama wewe. Ukitembea, nyama za mguu zinakosa damu na kuuma, ukisimama, zinatulia. Miaka yote ile ulituficha kwa salamu. Nina hasira na wewe, nasema wazi.

Nina hasira na mimi pia. Mguu ulipoanza kupoa uliniambia, "Mwana, lete maji ya moto, muguu iko baridi." Nikakukanda kwa maji ya moto na chumvi, siku baada ya siku, nawe ukisema husikii moto. Ngozi ikababuka, kidole kikawa cheusi. Sikujua kwamba mguu uliokosa damu haukandwi.

Daktari akasema ukatwe siku hiyohiyo, la sivyo uozo utakuua. Baba mkubwa akapiga simu kutoka Sakania: "Hamutakata muntu yetu mbele mimi sijafika. Mungoje." Kwetu neno la mkubwa wa ukoo halirukwi. Tukangoja. Alifika siku ya tatu, akakukuta na miguu yako yote miwili, ndani ya jeneza.

Mwezi uliopita nilimwona Ngoy amesimama kwa muuza makala ya kupikia, anamuuliza habari za mbwa wake. Moyo ukanipasuka. Nilimsihi aje hapa, akaniambia amechoka tu. Leo asubuhi mguu ulikuwa mweupe na wa baridi. Mke wake alikuwa ameshabandika maji jikoni. Niliyamwaga yote, nikamleta.

"Mama," daktari aliniambia, "tunaweza kukamata mushipa wa muguu ingine, tupitishe damu pembeni. Lakini leo, hapana kesho." Wewe ungeelewa upesi: njia ikiharibika, mnatandika reli ya kuzunguka. Ikishindikana, watakata.

Nilimpigia baba mkubwa. "Mungoje nifike." Maneno yaleyale, Baba, na sauti ileile. Ngoy aliniangalia, jasho linamtiririka. "Yaya, dada yangu mukubwa, fanya vile unaona." Basi nikatia saini palipoandikwa mkubwa wa familia. Nikamrudishia daktari karatasi kabla sijaisoma mara ya pili.

Simu inaita mfukoni. Ni yeye. Siipokei. Ngoy akifa, msibani watanionyesha kidole. Naogopa, Baba. Ule mlango bado haufunguki.

Muuguzi amenipa viatu vya Ngoy. Nimevipakata, navisugua kwa pindo la kikwembe changu kama ulivyotufundisha. Kila nikimaliza naanza tena. Sijui kama jioni atavihitaji vyote viwili.

Huko uliko najua bado unasimama kwa kila mtu. Leo waache wapite. Simama kwa Ngoy peke yake, usiondoke mpaka madaktari watoke.

Ni mimi binti yako, niliyekukanda kwa maji ya moto.