Arkiya wa Kitabuni na Arkiya Wetu

Ighzar, Nador
3 Oktoba 1985

Mwanangu mpendwa Allal,

Mimi baba yako Haddou nina miaka themanini, kama si themanini na miwili. Wahispania nimewaona wakija na nimewaona wakiondoka. Nimeuvuka mwaka wa njaa tulipokula mizizi, nimezika wake wawili na ndugu zangu wote, na meno saba bado ninayo. Nayasema haya ujue anayekuandikia si mtu wa kuyumbishwa na karatasi.

U hali gani, mwanangu? Kifua kimeacha kukubana? Sisi wazima, Mungu ashukuriwe, ila zeituni mwaka huu ni chache na ndogo kama mavi ya mbuzi. Naandika kwa mkono wangu. Wanaosema mkono huu unatetemeka ni waongo.

Barua hii anakuletea mkeo Mimount. Atashuka na wavulana wawili. Usimtafute binti yako Arkiya nyuma yao. Arkiya yupo hapa kwangu, anakanda unga wa shayiri. Wala usimfokee mkeo, kosa si lake. Nimetaka ulijue kwa maandishi yangu kabla hujamuuliza yeye.

Unamkumbuka Arkiya wa kwanza, dada yake, aliyekufa kwa surua wewe ukiwa umeondoka tu kwenda ng'ambo. Nilikuletea habari kwamba nimekwenda kwa liwali kukiandikisha kile kifo. Sikwenda. Karani wa liwali aliwahi kuniambia nisubiri nje kama kondoo, nikaapa sitaukanyaga mlango ule tena. Alipozaliwa binti mwingine tukampa jina la marehemu, kama ilivyo desturi yetu, nami nikasema: jina li hai katika kitabu cha familia, la nini kuliua halafu tulifufue? Watu wakanisifu kwa akili. Nami nikajisifu kuwashinda.

Juma lililopita tulikwenda mjini, ofisi ya viza. Karani akafunua kitabu cha familia, akasema binti huyu ana miaka kumi na tisa, si mtoto tena wa kumfuata baba yake. Mwisho ni kumi na minane.

Nikamwambia, “Wewe kijana, una macho? Mtazame!”

“Mzee wangu, mimi sisomi uso. Nasoma kitabu.”

Arkiya, mwenye miaka kumi na mitano, akacheka. “Babu, kumbe marehemu kanizidi miaka minne. Nimwamkie?”

Kadhi yuko tayari kukisahihisha kitabu, nikimletea wanaume kumi na wawili waape kwamba mtoto wa kwanza alikufa. Nilimcheka. Milima hii nani hanijui? Nimepata wanne. Waliobeba mwili wengi wamekufa, na walio hai wanakataa. Jirani yetu Buzian ndiye aliyeshika koleo siku ile. Nikamwendea, akanimiminia chai, akasema:

“Ami Haddou, mwanangu yuko Ubelgiji kwa karatasi za kaka yake marehemu. Ukifukua kaburi moja, mlima mzima utafukuliwa. Niache.”

“Mwoga wewe!”

“Mwoga, lakini mwanangu anakula.”

Wengine wamenijibu vilevile, kwa sukari zaidi.

Viza za mkeo na wavulana zinaisha Jumapili. Mimount alisema habanduki bila binti yake. Mimi ndiye niliyemwamuru aende, maana akibaki watakaokosa safari ni watoto watatu badala ya mmoja. Tangu hapo mkate ananiwekea, salamu haniitikii. Alikesha akimsuka binti nywele, akazifumua, akasuka tena.

Sasa nisikilize. Huko kwenu wapo wanaume wetu waliosimama makaburini siku ile. Wafuate mmoja mmoja, hata kwa magoti. Kadhi amesema kiapo kilichoandikwa mbele ya ubalozi wetu atakipokea. Usichelewe. Miaka mitatu ikipita, hata umri wake wa kweli utamfungia mlango. Mimi sijapata kumwomba mtu kitu tangu nizaliwe. Hiki nakuomba.

Wasalimie wote wa kwetu ulio nao huko, na binamu yako Yahya mwambie mama yake anaona vizuri sasa. Mungu awafikishe wasafiri salama na akupe moyo wa kusoma hadi hapa bila kuichana barua.

Ni mimi baba yako, nikupendaye hata kama leo hunitaki,
Haddou

Ukidhani nimetunga, wa kuulizwa ni hawa wanne: Amar fundi viatu, Shaib, Duduh, na mwadhini Hammu. Na yupo Bibi Tlaytmas, aliyemwosha mtoto yule kwa mikono yake na analikumbuka hata kovu la moto lililokuwa gotini. Kadhi hamhesabu, anataka wanaume. Mwenyewe sijamwambia. Kila asubuhi huvaa shuka yake safi, hukaa mlangoni, na kuniuliza tunaondoka saa ngapi.