Maji ya Kunywa kwa Shangazi

Jumapili, Mkuza, Kibaha

Kilomita mia na themanini kwa baiskeli tangu alfajiri, na miguu wala haiumi. Nilipaswa kufurahi. Sijui nina nini.

Nilipofika Masaki nilichepuka kwa shangazi, niombe maji tu. Kuniona natiririka jasho, akajifunga kanga kiunoni, akauliza hata sijamwamkia, "Nani kafa?"

"Hakuna, shangazi. Shikamoo. Nafanya mazoezi."

"Kutoka Kibaha? Hujatumwa na mtu?"

"Sijatumwa."

Akakaa kizingitini, akalia. Sasa msiba hakuna, analia nini? Nikanywa maji, nikaondoka, nawahi kilomita zangu.

Tangu nimekuwa mtu mzima nimefika kwake mara tatu, zote mazishi. Leo ya nne, na hata hali sikumuuliza.