Kilo za Mama

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku tunapumua. Cherehani yangu inalalamika kuliko mgonjwa, na Mama anakusalimu sana. Anauliza kama bado unalala na soksi.

Unakumbuka nilikueleza kwamba Mama alipovunjika nyonga, mtaalamu wa lishe wa zahanati alinipa daftari la kuandika anachokula. Alichukua uzito wake, urefu na umri, akapiga hesabu, akaniambia mwili wa Mama unaunguza kama kalori mia tisa na hamsini kwa siku akiwa amelala tu. Nilicheka. Nikamwambia huyu hata shuka hajifuniki mwenyewe, anaunguza nini? Akanijibu taratibu kwamba moyo haulali, mapafu hayalali, na hata joto la mwili halipatikani bure. Kwa hiyo lazima ale kupita hapo, la sivyo mwili utaanza kujila wenyewe.

Kwa vile Mama hasimami, kila mwisho wa mwezi nilimbeba, nikapanda naye kwenye mizani, kisha nikatoa kilo zangu sitini na mbili zilizoandikwa ukurasa wa kwanza. Mia na kumi na tatu, toa sitini na mbili: hamsini na moja. Miezi mitano, hamsini na moja ileile. Ndiyo maana nilikuandikia usipoteze likizo yako kuja, Mama yuko imara.

Jumanne iliyopita mtaalamu alikuja nyumbani mwenyewe. Kabla sijambeba Mama, akaniambia nipande mizani peke yangu. Mshale ukasimama kwenye sabini na moja. Akaniuliza kama nina pasi mfukoni. Sikuwa na kitu, hata tepu nilikuwa nimeivua shingoni. Nikambeba Mama tukapanda: mia na kumi na tatu, kama kawaida. Toa mwenyewe, Dada. Arobaini na mbili.

Nilitaka kuishia hapo, nionekane mjinga wa hesabu tu. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya si yangu peke yangu.

Mama alikuwa anakula vijiko vitatu, kisha ananisukumia bakuli. Anasema nimekonda kwa kuinamia cherehani, na mtoto akishiba, naye ameshiba. Mwanzoni nilibisha. Baadaye nikawa nakula, naosha bakuli, naandika daftarini: amemaliza. Mimi ni fundi, Dada. Katika miezi hiyo nimeongeza kiuno cha suruali yangu mara mbili, na magauni ya Mama nimeyapunguza mara tatu, kwa mikono hii hii. Tepu haikunidanganya hata siku moja. Nilijua tangu gauni la pili. Nilinyamaza kwa sababu siku unaondoka ulisema mimi hata paka angenifia mkononi, nami nikataka kukuonyesha. Naona aibu, tena naogopa.

Mtaalamu hakunifokea. Amepiga hesabu upya, chakula amekigawa mara sita, kidogo kidogo, na ameagiza nile kwanza, sahani yangu mwenyewe, mbele ya Mama, ili akisukuma bakuli nimwonyeshe kwamba nimeshiba. Jana alikula vijiko tisa huku akinung'unika. Ni tisa tu, lakini nimeviandika kama vilivyo.

Njoo, Dada. Ile likizo niliyokuzuia, iombe sasa. Ukifika usimgombeze Mama. Anaona fahari kwamba kitandani alipo bado ameweza kuninenepesha. Nigombeze mimi, niko mpana wa kutosha.

Msalimie shemeji, na watoto uwakumbatie mmoja mmoja kwa niaba ya mjomba wao.

Mdogo wako, kitinda mimba,
kilo sabini na moja.